Wiki Nane za Kujifunza Kuhesabu Tenisi Kampala

Klabu yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo tayari nimeyafikisha kwa uongozi wake na bado nasubiri majibu. Itoshe kusema kwamba iko juu ya mmoja wa milima ya Kampala, ina viwanja vinne, viwili vya saruji na viwili vya udongo, na kwamba mwishoni mwa Februari ilitangaza mafunzo ya tenisi kwa watu wazima ambao hawajawahi kushika raketi: Jumamosi nane, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwa shilingi 280,000, raketi ya kuazima ikiwa ndani ya bei hiyo. Tangazo liliahidi mambo matatu, yaani mapigo ya msingi, kanuni pamoja na hesabu ya mchezo, na historia fupi ya mashindano makubwa. Mimi nilijiandikisha kwa ajili ya ahadi ya pili na ya tatu. Mapigo mtu anaweza kujifunza kwa kupiga mpira ukutani mpaka majirani wamchoke, lakini hesabu ya tenisi haina ukuta wa kujifunzia, na asiyeijua hawezi kucheza na mwenzake bila msimamizi, hata mkono wake uwe mzuri kiasi gani.

Tulikuwa wanafunzi sita. Alikuwepo mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu ambaye sote tulimwita Mama, afisa wa polisi mstaafu ambaye tulimwita Afande kwa kuwa hakuitika vinginevyo, vijana watatu wa chuo kikuu, na mimi. Jumamosi ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiluganda, na Mama hakuambulia kitu. Kocha mkuu, mzee wa zaidi ya miaka sitini aliyekulia katika kambi ya jeshi mjini Jinja, alipoliona hilo akahamia kwenye Kiswahili na hakurudi nyuma tena. Kiswahili chake ni cha kambini, ngeli hazimsumbui, lakini anaeleza jambo likaeleweka, na kwa hakika sehemu kubwa ya sifa nitakazotoa hapa ni zake yeye binafsi wala si za klabu.

Jumamosi ya pili msaidizi wake, kijana mwenye mkono mwepesi sana, alitupanga tucheze gemu moja moja huku yeye akitangaza hesabu. Alitangaza upesi kama anayenadi mali mnadani: lavu, fiftini, theti, diusi. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini huyo Lavu ni nani na mbona anashindwa kila mara. Kocha alisikia, akasimamisha mchezo, akachukua raketi na kwa mpini wake akachora duara kubwa juu ya udongo wa kiwanja. Akasema: "Hii saa. Pointi ya kwanza, robo. Ya pili, nusu. Ya tatu, kasorobo. Ya nne, saa kamili, gemu imekwisha." Tangu hapo hakuna aliyesahau kwamba pointi za gemu ni 15, 30 na 40, na kwamba pointi inayofuata ndiyo inayofunga gemu iwapo mpinzani hajafika kasorobo naye. Wakifika wote wawili, hapo ndipo panapoitwa diusi, na saa kamili haipatikani tena kwa hatua moja: anayeshinda pointi anapata advantiji, akishinda na inayofuata anachukua gemu, akishindwa wanarudi diusi, na wanaweza kurudi hapo mara kumi.

Kama njia ya kufundishia, sijaona iliyo bora kuliko hiyo, na nadhani inafaa kwa Kiswahili kuliko hata kwa lugha ilikotoka, kwa kuwa robo, nusu na kasorobo ni maneno ambayo mtoto wetu huyajua kabla ya kujua 45. Tatizo ni kwamba Kocha aliitoa pia kama historia, na karatasi ya kanuni tuliyopewa ikairudia kwa maandishi, kwamba hesabu hii ilitokana na mshale wa saa iliyotundikwa kando ya kiwanja nchini Ufaransa. Hilo halina ushahidi. Hesabu ya 15, 30 na 45 ilikwishatumika Ufaransa katika karne ya 15, wakati saa zenye mshale wa dakika hazikuwa kitu cha kawaida. Linalokubalika zaidi ni kwamba 40 ni 45 iliyofupishwa mdomoni kwa sababu ya urefu wake, na kwamba diusi ni Kifaransa cha "wawili" kilichopitia kwa Waingereza. Kuhusu lavu, yaani sifuri, karatasi ilisema kwa uhakika wote kwamba ni neno la Kifaransa la yai, kwa kuwa yai hufanana na sifuri. Hadithi hiyo inapendeza lakini nayo haijathibitishwa. Wapo wanaoona kuwa chanzo ni usemi wa Kiingereza wa kucheza kwa mapenzi tu, yaani bila dau. Klabu inayotoza fedha kwa somo la historia ingefaa iandike "inasemekana" pale panapostahili.

Jambo la pili ambalo Kocha alilifundisha vizuri ni kuitumia miguu kama daftari. Hesabu hutangazwa ikianza na ya anayeanzisha mpira, kwa hiyo 30–40 ina maana kwamba mwanzishaji yuko nyuma. Vijana walilikosea hilo kwa wiki tatu. Pointi ya kwanza ya kila gemu huanzishwa kutoka upande wa kulia, ya pili kutoka kushoto, na kuendelea hivyo kwa kupokezana. Maana yake ni kwamba jumla ya pointi zilizochezwa ikiwa shufwa mtu husimama kulia, na ikiwa witiri husimama kushoto. Mkibishana kama ni 30–40 au 40 kwa 40, mtazameni mwanzishaji alikosimama mara ya mwisho: 30–40 ni pointi mbili na tatu, jumla tano, kwa hiyo zamu inayofuata ni ya kushoto. Afande, aliyetumia miaka mingi kuandika maelezo ya watu wanaopingana, alifurahishwa sana na kanuni hii na akaanza kuitumia kutuhukumu sote.

Kanuni nyingine zilipita kwa kasi inayostahili. Mpira unaogusa mstari umeingia. Anayeanzisha ana nafasi mbili. Akikosa zote mbili amepoteza pointi, na mpira ukigusa wavu kisha ukatua ndani ya kisanduku kinachotakiwa, ni leti, unarudiwa bila adhabu. Wachezaji hubadilishana pande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kila gemu ya namna hiyo, ili jua na upepo visimwonee mmoja. Seti huchukuliwa na anayefikisha gemu sita akiwa mbele kwa mbili. Ikifika 5–5 mtu anaweza kushinda 7–5, na ikifika 6–6 huchezwa taibreki, yaani gemu moja ya kuamua seti, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa namba za kawaida mpaka saba, tena kwa tofauti ya pointi mbili. Taibreki ndiyo iliyotutesa, kwa sababu wa kwanza huanzisha pointi moja tu, kisha kila mmoja huanzisha mbili mbili, na pande hubadilishwa kila baada ya pointi sita. Kocha alitutembeza juu ya kiwanja bila mpira, kama watu wanaofanya mazoezi ya harusi, mpaka miguu ikashika mpangilio.

Hapo ndipo nilipoigeukia tena ile karatasi ya kanuni, kurasa nne zilizotolewa nakala mpaka herufi zikapauka. Iliandika kwamba katika seti ya mwisho ya Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, hakuna taibreki na wachezaji huendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Hiyo ilikuwa kweli mwaka 2010, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walipocheza kwa saa 11 na dakika 5 zilizogawanywa katika siku tatu, na seti ya tano peke yake ikaisha 70–68. Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa hatua. Wimbledon iliweka taibreki kwenye 12–12 kuanzia 2019, na mwaka huohuo fainali ya wanaume ikaamuliwa hapo hapo, Novak Djokovic akimshinda Roger Federer 13–12. Mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa, yaani ya Wimbledon, Marekani, Ufaransa na Australia, yalikubaliana kutumia utaratibu mmoja: seti ya mwisho ikifika 6–6, huchezwa taibreki ya pointi kumi. Kuanzia 2019 hadi hapo kila moja lilikuwa na njia yake, na ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi anayelipa leo anafundishwa sheria iliyokwisha kufutwa. Nilipomwonyesha Kocha, alicheka, akasema karatasi hiyo aliikuta ofisini, na akaomba kalamu yangu asahihishe yake.

Somo la historia lilikuja kwa bahati. Jumamosi ya tano mvua ya Aprili ilishuka tangu saa moja, udongo ukawa tope, nasi tukakaa barazani na chai ya maziwa na chapati za kantini, ambazo, niseme kwa haki, ni nzuri. Kocha alizungumza kwa karibu saa mbili bila karatasi. Alianza na Meja Walter Clopton Wingfield, Mwingereza aliyepata hataza ya mchezo wake wa majanini mwaka 1874 na kuuuza ndani ya sanduku lenye wavu, raketi na mipira. Kiwanja cha Wingfield kilikuwa chembamba katikati na kipana kwenye ncha, na hesabu yake haikuwa hii tunayoijua, bali mchezaji alicheza mpaka 15 na ni mwanzishaji peke yake aliyeweza kupata pointi. Miaka mitatu tu baadaye, klabu moja ya mchezo wa kroke kule Wimbledon iliamua kuandaa mashindano, na kamati ya watu watatu ikakaa kuandika upya kanuni. Wao ndio waliofanya kiwanja kiwe mstatili, wakampa mwanzishaji nafasi ya pili, na wakaichukua hesabu ya 15 kutoka kwenye tenisi ya kale ya ndani ya kuta. Urefu na upana walioweka mwaka 1877, ambao kwa vipimo vya leo ni mita 23.77 kwa 8.23 kwa wachezaji wawili, haujaguswa mpaka sasa. Kilichoguswa ni wavu, ambao leo una sentimita 91.4 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo, na mstari wa sevu, yaani ule unaofunga kisanduku ambamo mpira wa kuanzisha hutua, ambao ulisogezwa karibu zaidi na wavu.

Kocha alisimulia mashindano hayo ya kwanza kama aliyekuwepo. Waliojiandikisha walikuwa wanaume 22, fainali ilitazamwa na watu wapatao 200 waliolipa shilingi moja kila mmoja, na Spencer Gore akamshinda William Marshall 6–1, 6–2, 6–4. Afande aliuliza shilingi hiyo ni ya Uganda au ya Kenya, na hapo somo likapotea kwa dakika kumi hivi. Liliporudi, tulipita haraka kwenye mwanzo wa mashindano mengine matatu, Marekani mwaka 1881, Ufaransa mwaka 1891 na Australia mwaka 1905, kisha tukakaa kwa kirefu kwenye mwaka 1968, ambao kwa maoni yangu ndio ulioistahili baraza ile. Kabla ya mwaka huo, aliyecheza kwa kulipwa hakuruhusiwa kuingia kwenye mashindano makubwa. Rod Laver wa Australia alishinda yote manne ndani ya mwaka mmoja, 1962, akiwa bado mchezaji wa ridhaa; akaenda kulipwa, akafungiwa nje kwa miaka mitano, milango ikafunguliwa, na mwaka 1969 akayashinda yote manne tena. Kocha alieleza jambo hili bila kulitia chumvi, na Mama, aliyekuwa akikokotoa bei za vitenge kwenye simu yake, aliiweka simu chini.

Upungufu wa somo ulikuwa mkubwa mahali pamoja. Wanawake walitajwa kwa sentensi moja, kwamba walianza kucheza Wimbledon mwaka 1884, na Maud Watson aliyeshinda mwaka huo kwa kumfunga dada yake Lilian hakutajwa kabisa. Afrika nayo ingepitwa kama asingeuliza mmoja wa vijana. Kocha akamkumbuka Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyetwaa Wimbledon mwaka 1975, habari ambayo anasema aliisikia kwenye redio akiwa mtoto, na akaeleza jinsi Ashe alivyomwona Yannick Noah akiwa kijana mdogo Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971, Noah huyohuyo ambaye mwaka 1983 alikuwa bingwa wa mashindano ya Ufaransa. Ni mimi niliyeongeza kwamba Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya Wimbledon mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, na kwamba Angella Okutoyi, msichana wa hapa jirani Kenya, alitwaa ubingwa wa wasichana wa wawili wawili huko huko Wimbledon mwaka 2022 akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Vijana walitoa simu kuhakikisha. Kwa darasa linalofanyika Kampala, mambo hayo yasingepaswa kungoja mwanafunzi ayalete.

Sasa nifike kwenye malalamiko. La kwanza ni mipira. Kanuni za kimataifa zinataka mpira mpya wa kawaida, ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, uruke kati ya sentimita 135 na 147. Nilichukua mitatu ya klabu, kwa ruhusa ya Kocha, nikaipima nyumbani kwa ngazi na utepe wa fundi: uliofanya vizuri ulifika 112. Naelewa kwamba kipimo hicho ni cha mpira mpya, na siwadai wafungue mikebe mipya kila wiki, lakini mpira uliokufa kiasi hicho humfundisha mtu kupinda magoti na kuchota mpira kama anayechota maji kisimani, na akija kukutana na mpira mzima ataupiga nje ya ua. Yapo pia mambo mawili ambayo klabu inayofundisha wanaoanza ilipaswa kuyazingatia. Mosi, ipo mipira maalumu ya wanafunzi, myekundu, ya machungwa na ya kijani, inayokwenda polepole ili mtu apate nafasi ya kujipanga. Hapa hatukuuona hata mmoja. Pili, kanuni zinatambua kwamba katika mahali palipo juu ya mita 1,219 hewa ni nyepesi na mpira huenda kasi na kuruka zaidi, kwa hiyo zinaruhusu mipira ya namna nyingine. Kampala iko takriban mita 1,200, na klabu iliyo mlimani huenda imeuvuka mpaka huo. Mtu wa Kabale au Nairobi hana hata haja ya kuuliza. Duka dogo la klabu huuza mkebe wa mipira mitatu kwa shilingi 45,000, na muuzaji hakujua swali langu lilihusu nini.

La pili ni mvua. Kati ya Jumamosi nane, mbili zilinyeshewa, na klabu ikazihesabu zote mbili kuwa zimefanyika. Ile ya baraza naikubali, kwa kuwa tulipata tulicholipia na zaidi. Lakini Jumamosi ya saba tulirudishwa langoni na mlinzi, baada ya mimi kupanda boda boda kutoka Ntinda katika mvua hiyo hiyo, na ofisi ikasema viwanja vya saruji vina wanachama. Tangazo halikusema kwamba wanafunzi ni wa udongo tu. Katika mji ambao kila mtu anajua Machi hadi Mei ni masika, kupanga mafunzo miezi hiyo bila kutenga siku za kufidia ni kujua kinachokuja na kumwachia mteja akibebe.

Jumamosi ya nane ilikuwa ya mechi za seti moja, bila mwamuzi, na nilipangiwa Afande. Kocha alitukumbusha kanuni za kucheza bila msimamizi: kila mmoja huamua mipira inayoanguka upande wake, hutamka mara moja na kwa sauti, na akiwa na shaka, shaka hiyo ni mali ya mpinzani. Nilikuwa nyuma 4–5, naanzisha mimi, 30–40, nimesimama kushoto kama daftari la miguu linavyotaka. Nikapiga mpira mrefu ukaanguka mwisho kabisa wa kiwanja chake. Afande akainua kidole, akakishusha, akaenda kutazama alama, jambo linaloruhusiwa kwenye udongo, akachuchumaa pale kwa muda mrefu kama anayekagua nyayo za mwizi. Kisha akasema, "Diusi, Mwalimu," akarudi nyuma kupokea. Gemu hiyo niliichukua, seti nikaipoteza 7–5, na hesabu hatukubishania hata mara moja. Awamu ya pili inaanza Juni, baada ya masika. Nimekwisha kuilipia, ila nimeandika kwenye risiti kwamba nitakwenda na mipira yangu mwenyewe.